Mbwa Jike Anatoa Damu: Anza na Tarehe, Ndipo Utafute Ugonjwa

Kabla hujasoma dalili yoyote hapa chini, tafuta kalenda. Ile ya ukutani uliyopewa dukani au kanisani inatosha. Andika siku ulipoona tone la kwanza la damu kwa mbwa wako, au siku uke wake ulipoanza kuvimba. Kama hukumbuki, kaeni nyumbani mkumbushane: ilikuwa kabla ya Idi? Shule zilikuwa zimefunguliwa? Masika yalikuwa yameanza? Majimaji ukeni siku ya tano ya joto, yaani kipindi ambacho jike anaelekea kukubali dume, ni afya. Majimaji hayohayo wiki ya sita baada ya joto yanaweza kuwa kifo. Bila tarehe, hata daktari wa mifugo aliyebobea anapapasa gizani.

Nafuga mbwa Kimara, Dar es Salaam, na majirani wamezoea kuniletea maswali yao. Kosa moja nimelikuta karibu kila nyumba: tunaiita damu ya mbwa hedhi, kisha tunahesabu siku zake kama za mwanamke. Mimba nyingi zisizotakiwa zinaanzia hapo, na vifo vingine pia.

Damu ya mbwa si hedhi

Mwanamke anapata hedhi kwa sababu hakushika mimba. Homoni ya projesteroni inashuka, utando wa mji wa mimba unabomoka na kutoka. Damu yake inafunga mzunguko. Kwa mbwa, damu inafungua mzunguko. Homoni ya estrojeni inapanda, mishipa midogo ya mji wa mimba inajaa hadi inavujisha damu, uke unavimba. Mayai bado hayajatoka.

Hatua hii ya damu huchukua kama siku 9, ingawa wapo wanaoimaliza kwa siku 3 na wapo wanaofika 21. Madume wanamfuata, yeye anawabwekea, anakaa chini, anawang'ata. Inayofuata nayo ni kama siku 9: damu inapungua na kupauka mpaka inafanana na maji yaliyooshewa nyama, uke unalainika, na ukimsugua kiunoni anaupeleka mkia pembeni. Sasa anakubali dume. Baada ya hapo hufuata miezi miwili hivi ambayo projesteroni inatawala mwilini mwake, awe na mimba asiwe nayo. Maneno hayo ya mwisho yashike, tutayarudia. Kisha anapumzika kwa miezi kadhaa. Toka joto moja hadi jingine ni wastani wa miezi 7. Wanaorudia baada ya miezi 5 wapo, na wa mara moja kwa mwaka wapo, hasa Basenji, mbwa wa asili ya Kongo.

Waliokulia Machame au Rungwe kwenye ng'ombe wa maziwa wanakosea kwa upande mwingine. Wanajua kuwa ng'ombe akionekana na damu mkiani, joto lake lilipita siku moja au mbili nyuma, na sasa ni kusubiri zamu nyingine, maana ng'ombe hurudia kila baada ya siku 21. Wakiiona damu kwa mbwa wanasema limeshapita hilo. Kumbe ndiyo kwanza linaanza. Paka ni habari nyingine tena: hatoi damu, mayai yake yanatoka baada ya kupandwa, na kwa kuwa huku kwetu karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, anaweza kuingia joto mwezi wowote. Damu ukeni kwa paka usiiite joto. Mpeleke kwa daktari.

Damu imekoma, lakini madume hawaondoki getini

Jirani mmoja aliniambia, "Dada, ameshamaliza siku zake, nimemfungulia atembee." Nikamwambia, "Mama, hapo ndipo anapoanza." Alikuwa ameshachelewa, walizaliwa watoto saba.

Sababu ni hiyo niliyoieleza. Damu inapokoma au kupauka, mayai yanakaribia kutoka. Tena mbwa ana jambo lake la pekee: mayai yake yanatoka yakiwa machanga, yanahitaji siku 2 hadi 3 kukomaa ndipo yarutubishwe, na mbegu za dume zinaweza kuishi ndani yake hadi wiki nzima. Kwa hiyo kupandwa hata siku chache kabla au baada ya mayai kutoka kunaweza kuleta mimba, na watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti.

Mfungie ndani wiki 3 kamili toka tone la kwanza, na kama madume bado wapo, ongeza ya nne. Wiki ya pili na ya tatu usimwache uani peke yake hata dakika kumi. Mitaa yetu mingi, Goba, Mbezi, Chanika, ina kuta zilizoishia nusu au uzio wa michongoma. Dume mwenye shauku anaupita. Nimeona mmoja akichimba chini ya geti la chuma usiku mmoja.

Ukiwakuta wameshashikana, waache. Sehemu ya chini ya uume wa dume imevimba ndani ya uke, na itachukua dakika 5 hadi 30, wakati mwingine zaidi, mpaka ilegee. Watoto wa mtaani huwarushia mawe au kuwamwagia maji ya moto. Wafukuze watoto. Ukiwavuta mbwa kwa nguvu unawachana wote wawili, na mimba huizuii, kwa sababu mbegu zimeshaingia.

Kama mimba hiyo huitaki, nenda kwa daktari wa mifugo mapema umpe tarehe. Usimpe vidonge vya wanadamu vya kuzuia mimba. Na ukisikia mtu anapendekeza sindano ya estrojeni, kataa. Inaweza kuua uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, na inaweza kuuletea usaha mji wa mimba. Kuna dawa salama zaidi, na kuna kumtoa kizazi.

Madume wanaokusanyika wanapigana, na hapo kichaa cha mbwa kinapata njia. Watoto wasikae karibu. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Madume wamejaa, damu huoni

Wapo majike wasafi sana, wanajilamba kabla tone halijafika sakafuni. Mtandikie shuka jeupe la zamani, asubuhi utaona. Wengine joto lao ni la kimya kweli, uke unavimba kidogo tu na damu haipo, lakini mimba wanashika vilevile.

Kwa majike wadogo wa umri kuna joto linalogawanyika: damu inaanza, siku chache inakoma, hapandwi, kisha baada ya wiki kadhaa joto lenyewe linakuja kamili. Halihitaji dawa. Linahitaji tarehe ya pili iandikwe, usije ukahesabu kutoka ile ya kwanza.

Damu haikomi, au imekuja isipotegemewa

Joto likizidi wiki 3 za damu, au jike akiendelea kukubali madume mwezi mzima, shuku ovari, kiungo kinachotoa mayai. Inaweza kuwa na kifuko cha maji kinachoendelea kutoa estrojeni, au uvimbe. Hilo ni la kupimwa kwa ultrasaundi.

Lakini hapa mjini sababu mbili ninazozishuku kwanza ni nyingine, na zote mbili hupuuzwa kwa kuwa mwenye mbwa anasema "yuko kwenye joto lake".

Moja ni uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Ni saratani, na inahama kutoka mbwa hadi mbwa kwa seli zenyewe kupandikizwa, jambo la nadra sana katika viumbe. Inashamiri pale ambapo mbwa wanazurura huru. Matone ya damu yanatoka wiki baada ya wiki bila kufuata miezi, uke haujavimba sawasawa kama wa joto, na ukiutanua taratibu, mkono ukiwa na glovu, unaona nyama nyekundu yenye vinundu kama koliflawa, inayotoka damu ikiguswa. Madume nao wanaupata, na unaweza kuota puani kwa sababu mbwa hunusana na kulambana. Habari njema ni kwamba unatibika: sindano ya vinkristini, mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, huuyeyusha kwa wengi. Nimeona majike yakitupwa jalalani kwa ugonjwa huu, na iliniuma, maana walikuwa wanaponyeka.

Ya pili ni homa ya kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa anaishi nasi mwaka mzima, kwenye nyufa za banda na hata nyuma ya kabati. Vimelea vya erlikia anavyoviambukiza hupunguza chembe sahani za kugandisha damu, na jike aliye kwenye joto la kawaida anaanza kutoka damu nyingi kupita kiasi. Inua mdomo wake uangalie fizi: zina vidoa vyekundu? Zimepauka? Tazama na tumbo mahali pasipo manyoya. Damu puani, homa, kukataa chakula, haya hayamo kwenye joto la afya hata kidogo. Apimwe damu. Dawa ni antibiotiki ya doksisaiklini kwa takriban wiki 4, na wengi huharibu kwa kuiacha wiki ya kwanza mbwa anapoanza kula.

Sumu ya panya nayo huvujisha damu, na hiyo ni ya kukimbia usiku huohuo. Damu inayotoka wakati anakojoa tu huenda ni ya kibofu. Mtoto wa kike wa mbwa ambaye hajaingia joto, akitoa ute mzito bila dalili nyingine, mara nyingi ana uvimbe mwepesi wa uke unaoisha wenyewe, wengi baada ya joto la kwanza.

Anachimba, anabeba viatu, maziwa yanatoka

Tazama kalenda. Kama ni wiki ya 6 hadi ya 8 baada ya joto, ndiyo siku projesteroni inaposhuka na homoni ya maziwa inapopanda. Nilisema projesteroni inatawala awe na mimba asiwe nayo; kwa hiyo mwili wa jike ambaye hakupandwa unapita njia karibu ileile ya mwenye mimba. Anatandika matambara, analinda ndala kama mtoto wake, chuchu zinajaa. Hajarogwa, wala si lazima awe amepandwa ukiwa kazini.

Usimkamue. Ukikamua, unauambia mwili uendelee kutengeneza. Ondoa kitu anacholea, mvalishe fulana ya zamani asijilambe chuchu, mtembeze zaidi. Ndani ya wiki 2 au 3 huisha. Titi likiwa gumu, la moto, jekundu, au maziwa yakiwa na usaha, hiyo ni kazi ya daktari.

Kujua kama ni mimba ya kweli usibonyeze tumbo mwenyewe. Ultrasaundi inaonyesha kuanzia siku ya 25 hadi 30, na eksirei baada ya siku ya 55 inakuhesabia watoto kwa mifupa yao. Mimba ni kama siku 63 toka mayai yatoke. Ukihesabu toka siku ya kupandwa inaweza kuonekana siku 57 au hata 72, kwa zile sababu za mbegu kuishi muda mrefu.

Anakunywa maji kupita kiasi

Sehemu hii isome hata kama mbwa wako ni mzima leo.

Nilikuwa na jike wa miaka minane, hakuwahi kuzaa. Joto lake lilipita salama mwishoni mwa mwaka. Februari akaanza kumaliza bakuli la maji, najaza, anamaliza. Mnaijua Februari ya Dar es Salaam. Hata sisi tulikuwa tunakunywa hivyo. Nikasema ni jua. Akaacha ugali wake wa dagaa, nikasema ni jua. Nilikwenda duka moja la dawa za mifugo, nikauziwa dawa ya minyoo kwa sababu tumbo lilikuwa limejaa. Siku ya nne alikuwa ameshindwa kusimama. Alipopasuliwa, mji wa mimba ulikuwa umejaa usaha, na hakuamka.

Ugonjwa unakwenda hivi. Wakati wa joto mlango wa kizazi unakuwa wazi, na bakteria, mara nyingi wale wa kinyesi, wanapanda ndani. Kisha ile miezi miwili ya projesteroni inaufanya utando uwe mnene na wenye ute, inautuliza mji wa mimba usijikamue, na inapunguza kinga ya mahali pale. Bakteria wanapata nyumba na chakula. Sumu yao inazigusa figo, figo zinashindwa kubana maji, mbwa anakojoa sana na ndiyo maana anakunywa sana. Kiu hiyo hutangulia dalili nyingine kwa mbwa wengi.

Huja zaidi kati ya wiki ya 4 na ya 10 baada ya joto. Mlango wa kizazi ukiwa wazi utaona usaha, wa rangi ya krimu au kama uji wa ulezi wenye damu, wenye harufu mbaya. Ukiwa umefunga, na huu ndio unaoua haraka, huoni kitu. Tumbo linakua na watu wanakupongeza kwa mimba. Kutapika, ulegevu, kukataa chakula, homa, au baadaye mwili kuwa baridi kuliko kawaida, hufuata. Joto la mwili la mbwa mzima ni 38 hadi 39.2.

Chukua chupa ya maji ya lita 1.5 upime. Mbwa mzima hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, juani kidogo zaidi. Akivuka mililita 100 kwa kilo, amevuka mpaka. Mbwa wa kilo 20 anayevuka lita 2 kwa siku, wiki ya 6 baada ya joto, hana kiu ya Februari. Mpeleke leo, usiku ukibidi, na useme kwa mdomo wako: "Daktari, joto lake lilianza tarehe fulani, naomba uangalie kizazi." Tiba ya uhakika ni upasuaji wa kukitoa. Antibiotiki peke yake kwa kawaida humtuliza siku chache tu.

Majike wa makamo na wazee wasiowahi kuzaa ndio huupata zaidi, lakini vijana nao hupatwa, hasa waliochomwa sindano ya kuzuia joto. Sindano hizo ni projesteroni ya kutengenezwa, zikiwamo zile za uzazi wa mpango za wanadamu, na zinaongeza hasa ile homoni inayoandaa ugonjwa. Ukipita mtaani zinauzwa kama njia rahisi. Mimi sitamchoma mbwa wangu tena.

Hajaingia joto kabisa

Majike wadogo wa mwili huanza miezi 6 hadi 9, wakubwa wanaweza kusubiri hadi miezi 24. Kabla ya hapo usihangaike. Uliyemchukua akiwa mkubwa, mnyoe kidogo katikati ya tumbo utafute kovu; huenda alishatolewa kizazi. Vinginevyo ni joto la kimya ulilolikosa, kukonda, dawa za steroidi, au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, hasa akiwa ananenepa na manyoya yananyonyoka. Jike mzee hakomi kabisa kama anavyokoma mwanamke. Nafasi kati ya joto na joto inarefuka tu, na mimba anaweza kushika.

Alishatolewa kizazi, na madume wanamfuata

Huenda kipande cha ovari kilibaki. Kidogo tu kinatosha kuleta joto kamili. Mrudishe wakati dalili zipo, kwani ndipo kipimo cha homoni kinasema ukweli na ndipo kipande kinaonekana wakati wa kumpasua.

Nyama ya waridi imetokeza ukeni wakati wa joto

Kama imetokea siku za damu tu, kwa jike mwenye umri mdogo wa aina ya mbwa wakubwa, huenda ni ukuta wa uke uliovimba kwa estrojeni, na utarudi ndani joto likiisha. Ilinde isikauke na asiilambe, na daktari aione ili asichanganye na ule uvimbe wa kuambukizana.

Ukiamua kumtoa kizazi

Usimpeleke akiwa kwenye joto, mishipa imejaa na damu hupotea zaidi. Usimpeleke pia katika ile miezi miwili, kwa kuwa projesteroni ikikatwa ghafla anaweza kuanza kutoa maziwa. Subiri miezi 2 hadi 3 baada ya joto kuisha. Usaha ndio pekee usiosubiri kalenda.

Yangu ya mwaka huu ina wino mwekundu siku ya tone la kwanza, mstari wa wiki 4 wa kumfungia, na kuanzia hapo hadi wiki ya 10 baada ya joto kila Jumamosi nimeandika neno moja: maji. Chupa iko juu ya banda.